Lacaune, East Friesian, Awassi au Assaf: dume gani kwa kiwele gani?

Mfugaji anayetaka kuchanganya damu ya kondoo wake ili apate maziwa huuliza swali moja kabla ya mengine yote: lita ngapi? Wauza madume wanalijua hilo, ndiyo maana matangazo yao huanza na lita za mama yake dume. Si swali baya, ila limetangulizwa mno. Ukiwa na kondoo wa kienyeji au wa nyama, dume yeyote kati ya aina nne ninazolinganisha hapa atakuongezea maziwa, tena kwa kiasi utakachokiona kwa macho. Wanakoachana sana ni kwenye kiwele: kinavyoning'inia, chuchu zinavyoelekea, maziwa yanavyotoka, na miaka ambayo kondoo atadumu zizini kabla hujalazimika kumwondoa. Mimi ningeanzia hapo, lita zifuate.

Kiwele kinachokamulika kikoje

Kiwele cha kondoo kina nusu mbili zisizopitishiana maziwa, kila moja na chuchu yake. Maziwa hutengenezwa juu, kwenye vijifuko vidogo vya tezi, kisha hushuka na kukusanyika katika uwazi mkubwa wa chini, ambao nitauita tangi. Kondoo wa maziwa ana tangi kubwa. Zaidi ya nusu ya maziwa yake, na kwa Lacaune hadi kama robo tatu, huwa yameshashuka kabla hujamgusa. Kondoo wa nyama ana tangi dogo. Maziwa yake mengi yamebaki kwenye tezi, na hayashuki mpaka mwili uachilie homoni ya oksitosini. Kwa mwanawe anaiachilia bila shida. Kwa mashine anasitasita. Machotara wengi wa kwanza hurithi kitu cha katikati, na wapo wanaozuia maziwa kabisa hasa wakikamuliwa huku bado wananyonyesha. Yale unayoyapata kwao ni ya tangi tu, na huwa na mafuta machache kwa sababu mafuta mengi yamebaki juu na maziwa ya tezi.

Kwa nje, wataalamu hukipa kiwele alama kuanzia 1 hadi 9. Utaratibu huo ulitengenezwa Hispania katika miaka ya 1990 kwa kondoo wa Churra, ukaenea. Hutazamwa kina cha kiwele, jinsi kilivyoshikamana na tumbo, mkao wa chuchu, ukubwa wa chuchu na umbo kwa ujumla. Wafaransa, kwa Lacaune, waliupunguza hadi mambo matatu: kina, mfereji wa katikati na pembe ya chuchu. Nadhani walifanya busara, kwani mambo matatu mtu hukubali kuyapima kila mwaka, ilhali orodha ndefu huachwa njiani.

Kina ni rahisi kukieleza. Chini ya kiwele pasivuke kifundo cha mguu wa nyuma. Pakivuka, kiwele kinaburuta kwenye tope na samadi, kinagongwa na miguu kondoo akitembea, na vikombe vya mashine vinakosa nafasi. Mfereji wa katikati unakuonyesha hali ya kano inayobeba kiwele: ukionekana wazi na wa kina cha kutosha, kano bado ina nguvu. Chini pakiwa bapa, kano imelegea au iko njiani kulegea.

Pembe ya chuchu ndiyo inayoleta hasara kubwa kimyakimya. Chuchu ikielekea chini, imekaa mahali pa chini kabisa pa tangi, maziwa yanakwisha. Ikielekea pembeni, karibu kulala kama mstari wa ardhi, sehemu ya tangi inabaki chini yake na maziwa yaliyoko humo hayana njia ya kutoka. Mkamuaji wa mkono huinua kiwele kwa kiganja bila hata kufikiri. Mashine haiinui. Matokeo yake ni kurudi kwa kila kondoo na kumkamulia mwisho kwa mkono, na katika kundi kubwa kazi hiyo hula muda mrefu kuliko ukamuaji wenyewe. Nchini Israel tatizo hili liliwahi kusumbua kiasi cha kuundwa ndoano maalumu, maarufu kama ndoano ya Sagi, inayoshika mfereji wa katikati na kuinua kiwele ili chuchu zielekee chini. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini mfugaji anayenunua ndoano analipia kasoro ambayo dume mwingine asingeileta.

Uchotara unafanya nini, na haufanyi nini

Hapa watu wengi wanapotea. Nguvu ya uchotara, ile nyongeza mtoto anayoipata kwa kuwa wazazi ni wa damu tofauti, hujionyesha kwenye uhai wa wanakondoo, uzazi, na kwa kiasi fulani kwenye wingi wa maziwa. Umbo la kiwele halifaidiki sana nayo. Mkao wa chuchu na kina cha kiwele hufuata kwa karibu wastani wa pande mbili. Ukimpandisha kondoo mwenye chuchu za pembeni kwa dume wa ukoo wenye chuchu za pembeni, usitarajie uchotara uzirekebishe.

Habari njema ni kwamba mambo haya hurithika. Makadirio mengi huweka urithi wa sifa za umbo la kiwele, yaani sehemu ya tofauti kati ya kondoo inayotokana na jeni, kati ya asilimia 15 na 35, kutegemea sifa na kundi. Hicho ni kiwango cha kufanyia kazi. Idadi ya seli katika maziwa, kipimo kinachotumika kukisia ugonjwa wa kiwele, hurithika kidogo zaidi ya asilimia 10 tu, kwa hiyo ukitaka kiwele chenye afya ni rahisi zaidi kupitia umbo: kiwele kilichoshikamana juu, kisicho na kina kirefu, kwa kawaida huambatana na seli chache.

Habari mbaya ni uhusiano wa maziwa na kina. Jeni zinazoongeza maziwa huelekea kukishusha kiwele na kuzipeleka chuchu pembeni. Kwa hiyo ukichagua dume kwa lita peke yake, kila kizazi kinakusogeza karibu na ardhi.

Kizazi cha kwanza nacho hudanganya. Machotara wa nusu kwa nusu hufanana sana, viwele vyao katika uzao wa kwanza ni vidogo na vimebana, na mfugaji anashangilia. Subiri uzao wa tatu. Kiwele hushuka kadiri kondoo anavyozaa, na anayeshuka upesi hajulikani mwaka wa kwanza. Tena ukiwapandisha machotara kwa machotara wenzao, kizazi kinachofuata hutawanyika: mmoja ana kiwele cha bibi wa kwao dume, mwingine cha bibi wa kienyeji, na wa tatu amechukua ubaya wa pande zote mbili. Kwenye mashine inayotaka kondoo wote wafanane, mtawanyiko huo ni mzigo.

Lacaune na East Friesian uso kwa uso

Hawa ndio wanaopambanishwa mara nyingi, na kwa haki.

East Friesian ni kondoo wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, Ujerumani, mwenye mkia mwembamba usio na sufu. Kwa maziwa anaweza kupita lita 500 katika msimu mmoja akitunzwa vema, na huzaa mapacha kwa wingi. Katika kituo cha Spooner cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako madume hawa walijaribiwa kuanzia miaka ya 1990, machotara wenye damu yake walitoa karibu maradufu ya maziwa ya machotara wa Dorset, kondoo wa nyama. Baadaye walipolinganishwa na machotara wa Lacaune kituoni hapo, East Friesian waliongoza kidogo kwa wingi, Lacaune wakaongoza kwa mafuta na protini.

Kwa kiwele, kitu cha kwanza East Friesian anachokuletea ni tangi. Binti yake kwa kondoo wa nyama atakuwa na kiwele kipana zaidi, tangi refu zaidi, na atakubali mashine kuliko mama yake. Ni hatua kubwa, na kwa mtu anayeanza na kondoo wasiozoea kukamuliwa ndiyo hatua anayoihitaji zaidi. Shida ni kutotabirika. Madume wake wanatoka katika makundi madogo yaliyotapakaa nchi nyingi, na tofauti kati ya ukoo na ukoo ni kubwa. Utapata ukoo wenye viwele vya kupendeza, utapata pia ukoo ulioachwa ukue kwa lita tu, viwele vikining'inia kufikia uzao wa nne. Jina la aina halikuhakikishii kitu hapo. Zaidi ya hayo hapendi joto na vumbi, na mapafu yake ni dhaifu. Mwenye damu nyingi ya East Friesian katika mazingira magumu huugua kabla kiwele hakijapata nafasi ya kuharibika.

Lacaune alikuja kwa njia nyingine. Anatoka kusini mwa Ufaransa, kwenye eneo la jibini ya Roquefort, na nyuma yake kuna mpango mmoja mkubwa wa uteuzi wenye kumbukumbu za makundi mengi na uhimilishaji. Mwaka 1960 alikuwa akitoa kama lita 80 kwa msimu; kufikia mwisho wa miaka ya 1990 alikuwa amefika kama lita 270. Waliofanya kazi hiyo waliona viwele vikianza kuathirika, kama ilivyotarajiwa. Hivyo katika miaka ya 2000 umbo la kiwele na idadi ya seli viliingizwa katika alama za kuteulia madume, sambamba na maziwa. Kumbuka pia kwamba kondoo hawa hukamuliwa kwenye mashine kubwa zinazopitisha mamia kwa saa, bila kukamuliwa mwisho kwa mkono. Kondoo asiyemaliza maziwa mwenyewe hana nafasi katika mfumo huo.

Kwa hiyo unaponunua dume wa Lacaune mwenye kumbukumbu kamili, unanunua kiwele kilichopimwa kwa vizazi. Binti chotara wake huwa na tangi kubwa na chuchu za wastani, na viwele vya kundi hufanana zaidi. Tangi kubwa lina faida nyingine isiyotajwa sana: linavumilia muda mrefu kati ya kukamua na kukamua. Wanaofikiria kukamua mara moja kwa siku wamewahi kulinganisha Lacaune na Manchega wa Hispania, ambaye tangi lake ni dogo kidogo, na Lacaune alipoteza maziwa machache zaidi.

Hana doa? Analo. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walitangaza badiliko katika jeni iitwayo SOCS2 ndani ya Lacaune. Linaongeza ukubwa wa mwili na maziwa, na papo hapo linamfanya kondoo aambukizwe ugonjwa wa kiwele kwa urahisi. Ni mfano mzuri wa jinsi uteuzi wa lita unavyoweza kubeba ugonjwa ndani yake bila mtu kujua. Muulize muuzaji kama dume amepimwa jeni hiyo. Akikuangalia kama hajasikia, umejifunza jambo kuhusu muuzaji.

Kama ningelazimika kutaja mmoja kwa mtu mwenye mashine, ningetaja Lacaune. Kwa mtu mwenye kondoo wa nyama kabisa, anayekamua kwa mkono mahali pa baridi na majani mengi, East Friesian wa ukoo mzuri atampa maziwa mengi kwa haraka.

Awassi na Assaf

Awassi ni kondoo wa mkia wa mafuta wa Mashariki ya Kati. Anastahimili jua, mwendo mrefu na malisho duni, mambo ambayo wawili wa juu hawayawezi kama yeye. Hapa kiwele chenyewe si suala la kwanza. Mkia ndio suala. Mkia mpana wa mafuta hufunika kiwele kwa nyuma, na mashine nyingi za kondoo huvikwa kutoka nyuma. Mkamuaji anainua mkia kwa mkono mmoja na kuvisha vikombe kwa mwingine, asubuhi na jioni. Ukimpandisha Awassi kwa kondoo wa mkia mwembamba, mkia wa chotara hupungua, na hiyo peke yake ni faida ya kukamua hata kabla hujapima maziwa. Kiwele chake hutofautiana sana. Awassi walioteuliwa nchini Israel kwa miongo mingi wana maziwa mengi, ilhali wale wa wafugaji wa kuhamahama hawajawahi kuteuliwa kwa mashine. Usikubali neno Awassi peke yake bila kujua ni wa upande upi.

Assaf alitokana na Awassi huyohuyo. Kuanzia mwaka 1955, huko Israel, Awassi walipandishwa kwa East Friesian ili kupata uzazi na maziwa ya mmoja na ustahimilivu wa mwingine, damu ikatulia kwenye sehemu tano kati ya nane za Awassi na tatu kati ya nane za East Friesian. Hispania ilimpokea katika miaka ya 1970, akatumika sana kuwapandisha kondoo wa huko wakiwemo Churra, hadi akawa miongoni mwa kondoo wakuu wa maziwa nchini humo. Maziwa anayo. Kiwele chake kimelalamikiwa kwa miaka mingi: kirefu, na chuchu zimepanda juu pembeni huku tangi likibaki chini yake.

Kwa maoni yangu Assaf ni somo zuri zaidi kuliko alivyo chaguo zuri. Anaonyesha kwamba aina mpya iliyojengwa kwa kuchanganya damu inaweza kutulia kwa kila kitu ila kiwele, kama kiwele hakikuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo. Wafugaji wake wamekwisha kulitambua hilo, na wanaopima viwele wanapiga hatua, kwa hiyo dume wa Assaf mwenye alama za kiwele za mama na dada zake anafaa. Asiye nazo, mwache.

Nimewaacha Sarda wa Sardinia na Chios wa Ugiriki kwa kuwa madume wao hawapatikani kirahisi nje ya maeneo yao. Neno moja tu kwa kila mmoja: Sarda ana mpango wa muda mrefu wa kupima viwele, na kundi la majaribio la Sarda na Lacaune kisiwani humo ni kati ya makundi yaliyochunguzwa kwa kina kuhusu urithi wa kiwele, Chios ana maziwa na mapacha, lakini kiwele chake kikubwa huelekea kushuka.

Mkono au mashine

Sehemu hii inabadilisha majibu yote ya juu. Ukikamua kwa mkono, chuchu ndefu na nene kidogo ni rafiki, na chuchu ya pembeni si janga. Unachochukia ni chuchu fupi isiyoshikika kwa vidole. Ukikamua kwa mashine, chuchu nene hubanwa, ndefu mno hujikunja ndani ya kikombe, na ya pembeni huvuta kikombe kikaanguka na kuingiza hewa. Hewa hiyo ikiingia, maziwa yaliyokwishatoka yanaweza kurushwa nyuma hadi kwenye chuchu yakiwa na vijidudu. Ndipo uhusiano wa umbo na ugonjwa unapoanza.

Anayekamua kwa mkono leo lakini anaipigia hesabu mashine baada ya miaka michache achague kama mwenye mashine. Madume unaowaleta sasa ndio baba wa kondoo utakaowafunga kwenye mashine hiyo.

Kumkagua dume asiye na kiwele

Dume hakuonyeshi kitu, kwa hiyo waangalie jamaa zake. Omba kumwona mama yake kabla ya kukamuliwa, kiwele kikiwa kimejaa, tena akiwa katika uzao wa tatu au zaidi. Picha ya mama katika uzao wa kwanza haina thamani. Baada ya kukamuliwa, mshike: kiwele kizuri husinyaa na kulainika, chenye vinundu au ugumu upande mmoja kina historia ya ugonjwa. Ugumu wa kiwele kizima, pande zote mbili, bila homa na bila maziwa ya maana, ukufanye ufikirie maedi-visna, ugonjwa wa virusi unaokaa mapafuni na kwenye kiwele na kupita kwa mtoto kupitia maziwa ya kwanza. Dume anunuliwe baada ya kupimwa damu. Kisha mgeuze dume mwenyewe uhesabu chuchu zake ndogo: mbili. Chuchu za ziada hurithiwa, na zikikaa karibu na zile halisi huvuruga kikombe.

Dada zake ni bora hata kuliko mama, kwa kuwa mama mmoja mzuri anaweza kuwa bahati. Kumi wanaofanana si bahati.

Damu kiasi gani

Nusu hutosha kwa wengi, hasa penye joto na malisho ya msimu. Ukifika robo tatu kiwele kinakaribia cha aina ya baba, kwa uzuri na kwa ubaya, na mahitaji ya chakula yanapanda nacho. Anayetaka kubaki nusu lazima adumishe kundi la majike wa asili wa kuzalia machotara wapya. Ni usumbufu, ila kundi hilo linabaki na viwele vinavyofanana.

Njia ambayo sipendekezi ni kumbakiza dume chotara aliyezaliwa zizini kwako kwa kuwa amekua vizuri. Nusu ya urithi wa kiwele anaoubeba umetoka kwa mama yake wa kienyeji, ambaye huenda hajawahi kukaguliwa na mtu. Kama unataka kumtumia, mpe kwanza mama huyo alama kwa mambo matatu ya Wafaransa katika uzao wake wa tatu, na alama zikiwa mbaya, dume huyo auzwe kwa nyama.